Nyuma ya ile mulango ya auditoire: kwa nini Furaha anaingia na misuko na anaonekana ndani na kipara

Wakuu, nawasalimia kutoka Bweremana. Hii sikuambiwa na muntu. Kichwa kilichonyolewa njo changu.

Mumeona ile clip inayozunguka kwa WhatsApp: musichana anasukuma mulango ya auditoire, lile darasa kubwa la chuo, akiwa na misuko mirefu, kisha ndani iko na kipara. Mulicheka sana. Mwingine akaandika eti sisi watu wa Masisi tuachie wengine mambo ya filme.

Sawa. Soma kwanza.

Filme yetu iko kichekesho cha chuo. Mimi nacheza Furaha, mwanafunzi anayeficha mbuzi ya mama yake kwenye chumba cha bweni. Réalisateur, yule anayeongoza filme, njo kaka Espoir, tulisoma naye. Tulianzia Kirolirwe, kwenye darasa linaloangalia malisho ya ng'ombe.

Siku moja tulipiga picha mimi nikisukuma mulango na misuko yangu. Sehemu ya ndani tukaiacha kwa kesho yake.

Kesho yake vita ilipanda. Tulikimbia, kila muntu na njia yake.

(Kwa wale wa mbuzi: ndiyo, mwanzo ni nyeupe na mwisho ni nyeusi. Ile nyeupe tuliikula njiani. Ungekuwa na sisi ungeomba mufupa.)

Tulikutana tena hapa Bweremana, na sehemu ya ndani tukaipigia hapa. Njo maana nje ya mulango kuna ng'ombe, na dirisha ya ndani inaonyesha ziwa.

Lakini katikati ya kupiga nje ya mulango na kupiga ndani, papa yangu alikufa. Alikuwa mulimaji wa maharagi, alishikwa na ugonjwa njiani, hatukufika naye. Tulipomaliza matanga tulinyoa vichwa, kama desturi ya kwetu.

Espoir aliniomba tungoje nywele ikue. Nilikataa. Tukingoja, vita ingetukuta tena na filme nusu.

Mama alikuja kukaa nyuma ya kamera. Nilipoanguka na mbuzi juu yangu, akacheka. Tangu tuzike, hakuwa amecheka.

Baadaye papa mumoja wa Goma alikubali kuonyesha filme kwenye salle yake, ukumbi wa sinema, ila turudilie kupiga hiyo scène ya ndani nikiwa na perruque, nywele za bandia. Espoir alikuwa ameshaiazima. Wote waliniangalia, maana hiyo salle tuliitamani sana.

Niliishika ile perruque, nikairudisha mezani.

"Papa," nikamwambia, "baba yangu alikufa katikati ya ile mulango. Sitavaa nywele ya muntu ili ionekane hakuna kilichotokea."

Akasema basi filme haitaonyeshwa.

Espoir akamujibu polepole: "Haitaonyeshwa kwako."

Tuliionyesha hapa, kwa shuka nyeupe kwenye ukuta wa kanisa. Wengi waliokuja walikuwa wakimbizi kama sisi. Mulango ikafunguka, kipara ikaonekana, na hakuna aliyecheka. Mama mumoja mbele yangu akamwambia jirani yake, "Huyu amefiwa." Basi.

Kisha mbuzi ikaingia, na kanisa lote likapasuka kwa kicheko.

Nilichojifunza: kosa la filme unaweza kulificha ao kulibeba. Sisi tumelibeba.

Sasa semeni. Kama kuna kosa lingine muliloona, andikeni hapa chini, nitaeleza lilitoka wapi. Kurekebisha, hapana.