Jina la Mwisho

Juzi kwenye televisheni niliona kijana wa Marekani, mchezaji wa ule mpira wao wa kubeba mikononi, akingoja timu imchague. Aliitwa karibu na mwisho kabisa.

Nilikumbuka alasiri moja shuleni Magwagwa, majani chai mabichi yakinukia, Madam, mwalimu wetu wa michezo, akichagua timu ya netiboli. Lilibaki jina moja la kuita. Aliitazama miguu yangu mitupu kwa muda mrefu. Nilidhani matope yamemchukiza, nikaificha nyasini. Sasa najua alikuwa akiipima tu.

"Bosibori, unavaa viatu namba ngapi?"

"Sijui, Madam."

Akavua raba zake. "Vaa hizi. Wewe ndiye golikipa wetu."

Zilinibana vidole vibaya sana, lakini sikumwambia.