Kinu Kimoja, Michi Miwili

Nikisikia michi miwili ikipokezana kwenye kinu kimoja, hujikuta nimesimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini. Naikumbuka shule yetu ya Kitaya, na harufu kavu ya makopa ya muhogo tuliyotwanga wenyewe kwa ajili ya ugali wa mchana.

Nilikuwa kiranja wa darasa la sita, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mamba wa Ruvuma. Siku hiyo Fatu alimcheka Somoe mbele ya darasa zima kwamba sketi yake imeshonwa kwa gunia la unga. Somoe akaipiga teke ndoo ya maji ambayo Fatu alikuwa ameipandisha kutoka mtoni. Mwalimu akanikabidhi wote wawili: niwapatanishe kabla ya chakula, la sivyo angewaita wazazi. Fatu hakujali. Lakini baba yake Somoe alikwisha kusema kwamba akiitwa shuleni tena, binti atabaki nyumbani moja kwa moja.

Niliwasimamisha ukutani nikawahoji kama hakimu: nani alianza, alisema nini hasa, nani aliona. Kila jibu liliwasha hasira upya. Nilipowaambia waombane radhi, kila mmoja alitazama upande wake. Kisha zamu yao ya kutwanga ikafika, nami machozi yakinilenga.

Walianza kutwanga, mmoja akiinua mchi mwenzake akishusha. Halafu Somoe akaimba kwa kufuata mapigo:

"Mwenye mdomo wa kasuku, maji kayachote tena."

Fatu akajibu, mchi ukishuka:

"Mwenye sketi ya gunia, twanga, unga uujaze."

Nikainuka kuwanyamazisha. Zainabu, mwenzetu aliyekuwa akichekecha unga pembeni, akanivuta mkono. "Waache, kiranja. Mama zetu ndivyo wanavyogombana."

Waliimbana mpaka jasho likawatiririka. Mwishowe Fatu akaimba kwa sauti ndogo:

"Ya gunia haichaniki, yangu imetoboka nyuma."

Somoe akazunguka kuichungulia, akacheka hata mchi ukamponyoka.

Mwalimu aliponiuliza mwenye kosa ni nani, nilijibu sijui. Niliona haya, maana niliamini nimeshindwa kazi. Lakini mwalimu aliwaona wawili hao wakicheka pamoja, wazazi hawakuitwa, na Somoe alimaliza la saba pamoja nasi.

Ilinichukua miaka kuelewa. Pale ukutani nilimkatiza kila mmoja kabla hajamaliza, nikitaka maelezo yanyooke. Kwenye kinu ilibidi kila mmoja amngoje mwenzake amalize.