Moto wa Busawe

Asubuhi ile tulikuwa shamba la kijiji hapa Nyarero, tukipalilia mahindi. Kila kaya ilikuwa na mistari yake, na balozi wa nyumba kumi alipita akiwagombeza wavivu. Mume wangu Marwa alikuwa akiimba. Tangu turudi kutoka mkutano wa injili kule Busawe, mwezi uliotangulia, aliimba mpaka majirani wakachoka naye.

Busawe ndiko tulikookoka sote wawili. Siku ya mwisho mvua ilipiga juu ya turubai, mhubiri akanyamaza, watu wakalia bila kuambiwa. Nilijisikia mwepesi, nikasahau hata njaa. Marwa alipiga magoti kwenye tope, akakumbatiana na Wambura, mtu wa ukoo wa ng'ambo ya mto, ambao sisi na wao tumeibiana ng'ombe tangu enzi za babu zetu. Wote wawili wakaapa kutoshika upinde tena. Nami nikaamini kwamba tutaishi katika hali ile siku zote.

Kabla jua halijawa kali, tukasikia yowe kutoka mtoni. Vijana wetu walikuwa wameswaga ng'ombe wa ng'ambo, na wenye ng'ombe walikuwa wamewafuata.

Wanaume wakatupa majembe, wakakimbilia silaha. Mwita, kaka mkubwa wa Marwa, akarudi na pinde mbili.

"Mura, mwanaume wewe, shika!"

"Siwezi, kaka. Nimeapa."

"Umeapa mbele ya wageni. Sisi ni damu yako!"

Marwa hakuupokea.

Nilikimbia na watoto, tukalala chini nyuma ya mkonge. Nikaomba kwa maneno yaleyale niliyoomba Busawe, nikiungoja ule moto ulioniingia moyoni kule. Haukuja. Nilikuwa na vumbi mdomoni, na mtoto alikuwa amenikojolea mgongoni.

Nyumba ya mama mkwe ikashika moto.

Marwa alikwenda mikono mitupu. Akatoka amembeba mama yake.

Mshale ukampata ubavuni.

Hakuanguka. Alitembea hadi kwenye mkonge, akamshusha mama taratibu, kisha akakaa.

"Mama Robi," akaniambia, "Mwita asilipize."

Alikata roho kabla polisi hawajafika.

Mwita nilimwambia maneno hayo siku ya mazishi. Aliniangalia kwa chuki, na kwa miaka mingi hakukanyaga kwangu. Lakini hakulipiza. Wambura naye, nilikuja kusikia, siku ile alibaki nyumbani kwake, na ndugu zake wakampiga kwa sababu hiyo hadi akavunjika mkono.

Mimi nilianza kuzunguka. Kila niliposikia kuna mkutano, Tarime mjini, Mugumu, hata kule Manchira, nilifunga kanga kiunoni nikaenda. Wenzangu waliruka, wakatokwa machozi, wakashuhudia. Mimi nilisimama katikati yao, nimekauka. Siku moja nikamfuata mchungaji wetu.

"Kumbuka Busawe, mama," akasema. "Mungu alikupa siku ile ili ikubebe siku mbaya."

"Naikumbuka, mchungaji. Ndiyo inayoniumiza. Alikuja tukiwa salama, tunaimba. Nilipomwita nyuma ya mkonge alikuwa wapi?"

Akaniambia nifunge na kuomba. Sikufunga. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikasaga mtama.

Sasa ni mzee, na bado naenda kanisani. Ule moto haujanirudia, na nimeacha kuutafuta. Ila ninajua kwamba Marwa aliupata kwa mwezi mmoja tu, na mwezi huo ulitosha kumwingiza kwenye nyumba inayoungua bila silaha, na kumfunga Mwita mikono mpaka leo. Huenda pasingekuwa na Busawe angeshika upinde, akawa hai, na mwanamke mwingine ng'ambo ya mto angekuwa mjane badala yangu. Nimelipima jambo hili mara nyingi. Naliheshimu. Lakini ukiniambia nichague, hata sasa nitakwambia namtaka mume wangu.