Birika Lisilosuguliwa Ndani

Jirani yangu Lamya haogopi nyoka wala radi. Anamwogopa mtu mmoja tu hapa duniani: Bi Masika, mama mkwe wake wa Kaliua. Na kisa chenyewe ni birika.

Siku alipoolewa na Yaqoub, Bi Masika alimkabidhi birika la shaba la ukoo mbele ya watu. "Nje lisugue mpaka ling'ae," akamwambia, "ila ndani usiguse. Ule utando ndio baraka ya nyumba." Na kila akija Tabora, hata salamu hazijaisha, mama huyo anafunua mfuniko na kuchungulia ndani.

"Da Advera, ananikagua," Lamya huniambia. "Siku akiona kasoro, nimekwisha."

Baraka gani? Maji ya kisima chetu yana chokaa. Ukiyachemsha yanaacha gamba jeupe. Mwaka nenda rudi, gamba likawa nene kama ukoko wa wali. Mdomo wa birika ukaziba, chai ikawa inatoka tone tone, na mkaa unaisha maji hayajachemka. Juzi tukasikia Bi Masika anakuja na treni. Nami mdomo wangu hauna breki.

"Mkweo aje asubiri chai mpaka magharibi? Acha ujinga, mwenzangu. Nina ukwaju ndani!"

Tukauloweka, tukaumimina kwenye birika, tukachemsha, tukaacha lipoe. Lo! Gamba likabanduka vipande vipande. Tulipolisuuza, ndani palikuwa pekundu, shaba tupu. Lamya akapiga kigelegele. Akajaza maji, akalibandika jikoni.

Tss! Moto ukalia. Kitako kilikuwa kinavuja. Kumbe lile gamba ndilo lililoziba tundu!

Lamya akakaa chini, akaangua kilio. "Nimeua birika la watu! Atasema mwanawe kaoa mke gani?" Nilitaka kumtania, nikashindwa. Roho iliniuma, maana ukwaju ulikuwa wangu.

"Hodi!" Bi Masika huyo mlangoni, kikapu mkononi.

"Shikamoo mama," Lamya akasema, machozi yanamtoka.

"Marahaba mwanangu. Kuna nini tena?"

Lamya hakuficha kitu. Akaeleza yote, akampa birika kwa mikono miwili. Bi Masika akafunua mfuniko kama kawaida yake, akalielekeza juani. Mwanga ukapenya kitakoni. Mimi nilishaanza kuutafuta mlango.

Mara mama wa watu akacheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Ama kweli, za mwizi arobaini! Tundu hili nililitoboa mimi. Nilikuwa bibi harusi, nikalisahau motoni, maji yakakauka, kiungo cha kitako kikaachia. Nami mama mkwe wangu alikuwa moto wa kuotea mbali! Nikaziba kwa ugali, chokaa ikamalizia kazi. Hayo ya baraka niliyatunga mwenyewe."

Lamya akalichungulia birika. "Kwa hiyo mama, ukichungulia mle ndani..."

"Naangalia kama tundu langu bado limeziba! Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nakuogopa wewe."

Lamya akacheka huku bado analia. Bi Masika akavua viatu, akaomba sufuria, akapika chai kwa mkono wake. Kikombe cha kwanza akampa mkwewe.

"Kunywa," akamwambia. "Leo sina cha kuchungulia."