Kisiwa Tulichokiacha

Leo nimenunua ufagio wa chelewa katika soko la Mawaleh, bado unanukia ubichi wa mnazi. Harufu hiyo imenirudisha darasani, wiki niliyorejea shule baada ya mama kuzikwa.

Abla, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu wa jiografia, alikuwa amefunga chelewa kwa uzi, zikapishana kama wavu, na kwenye maungio akabandika kauri za pwani. Chelewa ni mawimbi, alituambia kwa Kiarabu cha shuleni, na kauri ni visiwa vya Pasifiki. Wenyeji wa huko walivuka bahari kwa ngalawa bila dira, wakisoma nyota, na mawimbi wakiyasikia kwa mgongo. Basi akatulaza sakafuni tufumbe macho. Wasichana wenzangu wakacheka. Mimi nilisikia baridi ya marumaru tu.

“Nahodha wao huhisabu kwamba chombo kimetulia,” alisema abla. “Visiwa ndivyo vinavyokuja.”

“Na kile tulichokiacha?” niliuliza.

Kicheko kikakatika, wote walijua habari za mama. Abla akachutama karibu yangu, akanijibu kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao na kwetu.

“Kinakwenda zake, mwanangu. Si sisi tuliokikimbia.”

Sikulia. Hata mama alipotolewa nyumbani sikulia. Nilibaki nimelala vilevile, mikono ubavuni, mpaka kengele ikapigwa na wenzangu wakatoka. Abla hakuniinua. Alifunga mlango, akavua viatu, akalala sakafuni kando yangu, naye akafumba macho.