Mama Shudi na Macho ya Baba Yake

Mke wangu anafundisha Kiingereza mara mbili kwa siku: asubuhi watoto wa shule ya msingi, alasiri watu wazima, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la dawa. Akirudi nyumbani hata salamu humtoka nusu. Hukaa kwenye kiti cha kwanza kinachomkuta, nami, fundi wa mafriji niliyeshinda nimepiga magoti nyuma ya majokofu ya watu, humtilia chai bila kuulizwa. Tukitazamana hivyo, tumezeeka kabla ya wakati, hucheka kidogo, kisha tunachoka hata kucheka.

Wanafunzi wake wa alasiri wamembandika jina la Mama Shudi. Limetokana na somo la kutoa ushauri, somo la 'should' na ndugu zake. Mwalimu mwingine angeandika mifano ubaoni, watu wakaimba kama kasuku. Yeye ana kanuni yake: tatizo liwe la kweli. Anasema tatizo la kubuni halimuumi mtu, na lisilomuuma hatahangaika kulitafutia maneno. Basi mkunga husimama akaeleza jinsi mwenye nyumba wake anavyofunga maji, dereva wa lori akaeleza jino lake, na darasa zima likawaelekeza la kufanya kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kipindi kinachofuata wanageukia majuto, yale waliyopaswa kuyafanya wasiyafanye. Hapo, anasema, darasa hupoa ghafla, na hata dereva hatanii mtu.

Huku nyumbani ushauri haukuwa na pa kupita. Tunaishi kwa baba yake, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku asiyotoka. Alikuwa ameanza kugonga bega kwenye miimo ya milango. "Nyumba hii kaijenga mlevi," husema, na nyumba yenyewe aliisimamia mwenyewe tangu msingi hadi bati. Akinyoosha mkono anakiangusha kikombe kilichokuwa ubavuni mwake, kisha anauliza nani kakiweka pale. Lakini mpe gazeti! Anasoma mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa, bila kusitasita. Nani atamwambia mtu wa namna hiyo kwamba haoni?

Si mimi. Mimi ni mkwe, tena mkwe anayelala kwenye nyumba ya watu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mke wangu naye amelelewa katika nyumba ambayo mtoto hamwambii baba la kufanya. Mtoto huamkia, huitikia "naam, baba", akizidi sana ndipo huuliza hali. Kila jioni yeye humuuliza, "Baba, umeshindaje?" Mzee hujibu, "Salama," na mambo yanaishia hapo. Nami jikoni nasaga meno. Nilimhurumia mke wangu na nilimkasirikia, yote mawili kwa pamoja, kwa sababu mtu anayewashauri watu wazima kutwa nzima alikuwa anashindwa na sentensi moja sebuleni kwao.

Alasiri moja darasa likamgeuzia kibao. Mkunga alisema, "Mwalimu, sisi umeshatumaliza siri zote. Leo zamu yako." Mke wangu alinisimulia baadaye kwamba ni uchovu tu uliomfungua mdomo, vinginevyo angewapa kazi ya kuandika. Akawaeleza habari za baba yake. Mkunga akamwambia hilo si la kungoja, amwambie mzee leo leo. Mke wangu akakiri kwamba kinywa hakifunguki, kila akianza heshima inamkaba. Dereva wa lori, ambaye Kiingereza chake kina breki mbovu, akauliza, "Kwani Mwalimu, ni lazima umwambie kwa Kiswahili?"

Siku hiyo alipoingia nyumbani hakukitazama kiti. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba yake, asiamkie wala asiulize ameshindaje.

"Father," alisema, "you should see an eye doctor."

Sauti ilikuwa ya darasani kabisa. Mimi niliacha sufuria jikoni nikasogea mlangoni, maana sikuwahi kusikia mtu akimpangia mzee yule la kufanya, hata mkewe, Mungu amrehemu. Mzee alilikunja gazeti mara mbili, akaliweka juu ya goti. Nikajua sasa moto unawaka. Kumbe alijibu kwa utulivu, kwa Kiingereza chake cha mahakamani kilichonyooka kama suruali yake. Aliuliza daktari yupi, na lini.

"Kesho," alisema mke wangu. Kiingereza kilimwishia palepale, akaanza kulia kwa Kiswahili.

Daktari alimtia mzee matone, akamkalisha mbele ya mashine, akachungulia muda mrefu. Akatuambia ni presha ya macho. Ugonjwa huo hula uwezo wa kuona vya pembeni kwanza, katikati huachwa mwisho, ndiyo maana gazeti lilikuwa linasomeka. Jicho la kulia limekwisha, alisema, halitarudi. La kushoto litalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

Tulitoka naye kwenye korido tumemshika mikono, binti yake kulia, mimi kushoto. Alikubali kushikwa, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari.

"Hili la kulia nililijua," alisema mzee, safari hii kwa Kiswahili. "Tangu mwaka juzi. Niliogopa kuja peke yangu. Nikasema mmoja wenu akitamka tu, nitakwenda."

"Baba, tuliona," mke wangu alisema. "Tuliona vikombe, tuliona milango. Tulikuwa tunakuheshimu."

Mzee alisimama. Ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo amwone, kwa kuwa alikuwa upande wa jicho lililokufa.

"Najua, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."