Hiyo "Kwa Yote" Tuiweke Kando

Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kelele. Nauza mboga hapa soko la Langas, na nikitangaza sukuma wiki, sauti yangu ilikuwa ikifika mpaka nyumbani kwetu, nyuma ya soko. Mume wangu, Baba Njoki, alinitania kwamba yeye hahitaji redio.

Kisha akaanguka kazini, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Stroke. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakapotea. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza, nikarudi sokoni. Aliyeniuliza hali nilimjibu tunasukuma tu.

Mwili wangu haukudanganyika. Moyo ulinidunda hadi nikausikia masikioni. Tumbo likaendesha. Nilisaga meno mpaka taya zikauma, na nikichana nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti nayo ikaisha. Wateja walipita nikiwatazama tu. Asubuhi moja, nikifunga sukuma, mikono ilikufa ganzi na miguu ikakataa kunibeba. Nilijua sasa stroke imenifikia mimi. Nikalia, nikiwaza nani atamgeuza Baba Njoki jioni.

Wenzangu wa sokoni walinikimbiza kliniki. Daktari alinipima, akaketi karibu nami.

"Mama, hii si stroke, ni stress," akasema. "Lakini presha yako imepanda sana. Ukiendelea hivi utalazwa, na mzee abaki bila mtu."

Akanipa dawa, na nesi akanielekeza kwenye masomo ya kikundi, kwa video ya simu, ya watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Eti tungefundishwa kutafuta furaha ndogo ndogo katikati ya shida. Nilicheka kimoyomoyo. Furaha gani, na mtu yuko kitandani? Lakini nilikuwa nimeogopa, nikajiunga.

Mwalimu wetu alikuwa dada wa Kesses anayeitwa Jerono. Huyo namheshimu mpaka leo. Alikuwa akimuuguza mama yake mwenyewe. Tulisikia kuku nyuma yake, na mara nyingine alituomba radhi, akaenda kumgeuza mama, kisha akarudi kwenye simu akitabasamu bila kujilazimisha. Siku ya kwanza alitaka kila mmoja wetu ataje jambo zuri la siku hiyo. Nilijibu kama ninavyojibu kanisani: "Namshukuru Mungu kwa yote."

"Amina, Mama Njoki," akasema. "Hiyo 'kwa yote' tuiweke kando kidogo. Leo, ni nini?"

Miaka yote niliyotoa ushuhuda, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikasirika. Nikakata simu, kisha nikatuma ujumbe kusingizia network.

Lakini swali halikuniacha. Kesho yake nikimwogesha Baba Njoki, niliona kitu. Kabla sijamwomba, aliinua mkono wa kushoto ili kitambaa kipite kwapani. Nikakumbuka kwamba jana aliuinua pia. Na juzi. Mtu aliyebakiwa na mkono mmoja alikuwa akinisaidia nao, na mimi sikuwa nimeona.

Nilisimulia darasani. Jerono aliniomba nirudie polepole, nieleze maji yalikuwa na joto gani, mkono ulitetemeka vipi. Nililia, na kifua kikalegea kwa mara ya kwanza.

Tulijifunza na mengine: kupumua taratibu hasira ikipanda, kumfanyia mwingine wema mdogo, kukaa na jambo zuri kabla halijapita. Sikupona kwa siku moja. Kuna siku sikuona zuri lolote, na Jerono alisema hata hiyo ni sawa. Lakini usingizi ulirudi, tumbo likatulia, nywele zikaota. Dawa ya presha bado nameza, na kliniki naenda.

Wewe unayeuguza mtu, usingoje miguu ikukatae ndipo utafute msaada. Na ukishukuru, taja kitu chenyewe. Mimi namshukuru Mungu kwa Jerono, na kwa ule mkono wa kushoto.

Siku hizi baada ya chai ya jioni namuuliza Baba Njoki swali la Jerono. Kwa muda mrefu alijibu kwa kidole: kikombe, dirisha, mimi. Wiki iliyopita nilitoka sokoni koo limekauka kwa kutangaza mboga kama zamani. Nikamuuliza, leo ni nini? Mdomo ulihangaika mpaka jasho likamtoka. Kisha akasema neno la kwanza nililolielewa tangu aanguke.

"Sauti," akasema, akinionyesha koo langu kwa kidole.